Sauti ya Mama Si ya Kurushiana

Sumbawanga,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu Hamisi,

Assalaam aleykum. Shikamoo yako nimeshaipokea hata kabla hujaitoa, marahaba. Natumaini wewe na mkeo na watoto hapo Rasbura mmeamka salama, na lile goti lako lililogongwa na pikipiki limeanza kukunjika. Sisi huku miili mizima. Baridi ya Sumbawanga imeanza, Zuhura wangu anakwenda shule na masweta mawili, na mimi nafundisha darasa la nne lenye watoto wengi kuliko madawati. Hayo ndiyo ya afya. Moyo wangu hauko salama, na sababu unaijua.

Utashangaa kuona karatasi. Barua hii anakuletea Mwalimu Tabu, mwenzangu aliyepewa likizo yake ya mwaka anakuja kwao Lindi, na bahasha nimeibandika kwa gundi ya shule mara mbili. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu siiamini tena, na kwa sababu kwenye simu ukisikia nimeanza kupandisha sauti unasema mtandao unakatakata. Karatasi haikatiki. Kaa chini uisome yote.

Uliniuliza nimejuaje, nikakukatia simu. Sasa nakujibu. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa chai ya walimu. Wanaume walikuwa wamekusanyika dirishani wanacheka, mimi nasahihisha madaftari, wala sikuwajali. Halafu nikasikia biti ya ngoma, zile za kutengeneza kwenye kompyuta, na juu yake mwanamke anaongea. Akakohoa. Hamisi, kikohozi cha mama nakijua. Nikamsikia anafukuza kuku, "Shii! Toka!", wale walimu wakaangua kicheko, na mmoja akasema rudisha hapo hapo, rudisha. Kisha mama akasema, "Zuhura, mjukuu wangu, nisikilize." Kalamu nyekundu ikanidondoka.

Niliinuka nikamwendea Mwalimu Komba, mwenye simu, nikamwambia azime. Akadhani utani. "Mwalimu Somoe, ngoja kwanza usikie," akasema, "huyu bibi wa kwenu huko ni noma."

"Huyo bibi ni mama yangu."

Komba wa watu akazima, akaniomba radhi, na mpaka leo akiniona anakatiza kwenye bustani ya mchicha tusipishane. Alinionyesha alikoitoa: grupu la watu wa Kusini wanaoishi mikoa ya huku, na aliyeiweka humo naye aliitoa kwenye grupu jingine. Imezunguka nchi nzima ndipo ikanifikia mimi, mtoto wake, wa mwisho kujua.

Wewe ni mwanaume, kwa hiyo alichosema mama mle sitakiandika hapa hata neno moja. Lakini jinsi ilivyorekodiwa nitakwambia, maana inaonekana hukuwahi kuuliza. Mama amekuwa kungwi pale Rondo tangu mimi sijaolewa. Wali aliowacheza yeye unyagoni, wengine sasa wana wali wao. Likizo iliyopita nilimweleza hofu yangu: Zuhura anakulia ugenini, akivunja ungo huku hakuna wa kumcheza, na kifua cha mama ndicho hicho kinazidi kumsumbua. Nikamwomba aseme mafunzo kwenye simu mpya tuliyomletea. Akakataa. Nikarudia kesho yake, akakataa, akasema maneno ya ndani hayawekwi kwenye kitu kinachopita mikononi mwa watu. Nilimcheka, Hamisi. Nikamwambia, mama, simu ni yako, nani mwingine ataishika?

Siku ya tatu akakubali kwa sharti. Sauti zikae kwenye simu yake yeye, hata mimi nisiondoke nazo, na siku Zuhura akiwa tayari nije naye asikilizie mle mle chumbani. Tukafunga mlango. Michana mitatu mama alikaa kitandani akiongea na mjukuu ambaye hakuwepo, na mimi nikibonyeza. Tangu siku ile kila akimaliza kuzungumza na sisi simu ilikuwa inarudi sandukuni, ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga. Masikini mama yangu, analinda sanduku, kumbe vilivyomo vilishatoka zamani.

Vilitokaje? Hapo ndipo unapoingia wewe na rafiki yako Bakari, fundi simu. Mimi nilikwambia mpelekee mama simu. Wewe ukaipitisha kwa Bakari "aiseti". Nimempigia huyo Bakari wako. Nilitegemea nitakuta jambazi, nikakuta mtu anayejisifu.

"Dada, mimi nimewasaidia watu," ananiambia. "Ukimfungulia mzee akaunti yake, kesho kasahau paswedi, anakuja kulia dukani. Nikaona niweke moja, ya duka. Simu zote nazifungulia hiyo hiyo, paswedi ninayo mimi."

Nikamuuliza simu ngapi. "Mh, hizo sijahesabu, dada. Ni zote nilizouza na kuseti toka nimeanza."

Umeelewa hapo? Simu ya mama ilikuwa kila kinachorekodiwa inapeleka nakala kwenye hiyo akaunti, kimya kimya, na simu ya mtu mwingine yeyote yenye akaunti hiyo inaweza kufungua ikakuta. Picha za watoto wa fulani, risiti za fulani, vyeti vya hospitali, sauti ya kungwi wa Rondo, vyote kapu moja. Mteja mmoja kijana, Bakari mwenyewe kaniambia, alikuwa anatafuta nyimbo zake akamkuta mama. Akasikiliza, akamrushia mwenzake, mwenzake akampelekea anayechanganya muziki, na sasa hata pale kwenye kibanda cha kujaza nyimbo kwenye memori kadi, hapo stendi, mama yuko kwenye orodha katikati ya singeli na kaswida. Nikamwambia Bakari huu ni wizi. Akasema hapana dada, hakuna aliyeiba, zilijileta zenyewe. Nikakata simu.

Nimemkasirikia huyo fundi, lakini nimewakasirikia na wenye akili waliotengeneza hivi vitu, wanaotuwekea maandishi marefu ya kimombo na kitufe kimoja cha kukubali. Mimi mwalimu mzima nimebonyeza kubali, kubali, kubali, sijasoma hata mstari. Juzi nilipakua tochi, kwa sababu umeme wa huku unaujua, ikaniomba ruhusa ya kuona majina ya watu wangu wote na kunisikiliza. Tochi! Inataka kusikiliza nini? Nimeifuta nikanunua mshumaa. Na sisi wenyewe je? Neno letu siku hizi ni moja, nirushie. Nirushie picha ya msiba, nirushie ile video ya yule dada, nirushie na mimi. Hakuna anayeuliza mwenyewe amekubali. Mtu angeingia chumbani kwa mama akabeba kanga moja tungempigia kelele ya mwizi mpaka Nyangamara, lakini sauti yake imebebwa, na watu wanasema hii kali.

Halafu wewe. Nilipokupigia ulinijibu, na maneno yako nimeyashika vizuri: "Kwani dada, mama katukana? Si kafundisha mambo ya maana? Kama hakuna kibaya, cha kuficha nini?"

Nimelala na kuamka na hilo swali lako. Hamisi, umeingia jando wewe. Ulikaa kule porini na wenzako na ukarudi na mambo ambayo mpaka leo hujamwambia mkeo, wala mimi dada yako sijawahi kukuuliza. Ni mabaya? Si mabaya. Umeyaficha kwa sababu umepewa uyatunze, na aliyekupa alikuamini. Mama naye alipewa na bibi, na bibi alipewa na waliomtangulia, wamepokezana bila hata mmoja kuyamwaga, mpaka yalipofika kwenye simu iliyosetiwa na Bakari. Usinifundishe kwamba anayeficha ana dhambi. Mama alikuwa na cha kuficha, na hicho ndicho kilichofanya wanawake wa Rondo wainuke kwa heshima akipita.

Sasa hawainuki. Msimu huu wali wametolewa pale kijijini na mama hakuitwa. Hukuniambia, nimeambiwa na jirani yake, Mama Neema. Anasema Bi Mwanaiba, mkubwa wa makungwi, alimwita mama mbele ya wenzake akamuuliza ni sauti yako hii, mama akasema ni yangu. Akaulizwa nani aliyekurekodi. Hakunitaja mimi wala hakukutaja wewe. Wangemwelewa kama angesema ni wanangu wamenifanyia, na akaona bora aonekane yeye ndiye aliyeuza. Ngoma ilipolia alikuwa uani kwake anabangua korosho peke yake.

Na wewe ulijua kwa miezi miwili! Ulikiri mwenyewe kwamba uliisikia kwanza pale kijiwe cha bajaji, ukaitambua, ukakaa kimya, eti ukiniambia nitapaniki. Miezi miwili ni muda wa kwenda Rondo mara ngapi? Nisingekuwa na hasira kama hii ungekuwa mjinga. Si mjinga. Mwaka ule mama alipolazwa ni wewe uliyelala chini ya kitanda chake kwenye mkeka, manesi wakikufukuza unarudi. Ndiyo maana inaniuma.

Kwa hiyo fanya hivi, wala usinipigie kunieleza ugumu. Nenda kwa Bakari kesho, ukae naye mpaka aifunge hiyo akaunti mbele ya macho yako, na awaite wateja wake awafungulie kila mtu ya kwake, paswedi aiandike mteja mwenyewe. Akisema ni kazi kubwa, ni kubwa kweli, na aifanye. Pita kwenye kibanda cha memori kadi uwaambie huyo ni mama yako. Halafu panda Rondo. Wewe huwezi kukaa na Bi Mwanaiba kuzungumza mambo ya wanawake, kwa hiyo mpitie mjomba, muende wote, yeye ndiye aseme kwamba mama aliongea na mjukuu wake ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa, na sisi watoto ndio tulioacha dirisha wazi. Na anitaje mimi, Somoe, kwa jina. Shule zikifungwa nitakuja mwenyewe nikae chini mbele ya wale wanawake, na wanachotaka kunifanya wanifanye.

Nisalimie wifi yangu, mwambie zile kanga za harusi ya mdogo wake nitakuja nazo. Nisalimie mjomba, shikamoo yake nyingi. Nisalimie baba mdogo wa Kinjumbi akija mjini kuuza samaki wake, na umwambie Zuhura bado anamuulizia yule pweza aliyemwahidi. Mama Neema mshukuru kwa mikono miwili, maana kama si yeye nisingejua yaliyompata mama pale kijijini. Wanao wabusu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo. Jana mchana mama alinipigia, kwa simu ya Mama Neema, ya kwake alishakurudishia wewe. Nilijiandaa kulia na kuomba msamaha. Hakunipa nafasi. Alinisalimia, akauliza Zuhura anakula vizuri, akauliza baridi. Akakohoa. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Somoe, hao wanaume waliosikiliza, walicheka?"

Mdogo wangu, sijawahi kumdanganya mama jambo kubwa. Jana nilimwambia hapana, mama, walikaa kimya, walisikiliza kwa adabu. Akasema haya, alhamdulillahi, akakata. Akikuuliza na wewe, na atakuuliza, mjibu hivyo hivyo, nakuomba.

Lakini mimi usinidanganye. Siku ile kijiweni, kabla hujaitambua sauti, ulicheka?

Niandikie kwa kalamu.

Dada yako wa tumbo moja,
Somoe