Mkono wa Baba Msituni

Dada Rehema, shikamoo. Natumaini wewe na mtoto mnaendelea vizuri hapo Morogoro.

Leo asubuhi mimi na Baba tumepanda msitu wa Ngorongoro kutokea Karatu. Kulikuwa na ukungu na njia inateleza, lakini Baba alikataa katakata kunisubiri chini. Tulipofika kwenye mapango ambako tembo huchimba udongo wenye chumvi, tukamkuta mmoja anachimba kwa pembe zake, mtoto wake kasimama pembeni. Askari wa wanyamapori aliyetuongoza, mama mmoja Mwiraqw, akanong'ona, "Rudini nyuma polepole. Msikimbie."

"Goti limekataa, mama," Baba akasema. "Niache hapa, umpeleke binti yangu."

"Basi hatuondoki. Kaeni chini, mtulie."

Tukakaa kwenye tope, sote watatu. Tembo akageuka, akatanua masikio, akatutazama. Ndipo Baba akanishika mkono. Unamjua Baba, hajatushika mkono tangu tulipokuwa wadogo. Hata sijui nani alikuwa anamtuliza mwenzake. Hatimaye tembo akarudia udongo wake, akala akashiba, akamsukuma mtoto kwa mkonga, wakapotelea mitini.

Goti la Baba lilipopata nafuu tumeteremka polepole, salama, tumekunywa chai ya maziwa yenye tangawizi. Dada, njia nzima Baba hakuniachia mkono, nami sikumkumbusha.

Mpakate mwanao kwa niaba yangu, na ule vizuri upate nguvu.

Mdogo wako akupendaye,
Neema