Mifuko Mine ya Damu

Goma, tarehe 12 mwezi wa tatu 2025

Evariste, Baba Lévi,

Binti yetu alikufa Ijumaa iliyopita, tarehe 7, saa kumi ya mchana, akiwa bado tumboni. Nimeanza na hiyo kusudi usiseme hukuiona. Sasa nakusalimia. Wewe muzima? Mama mukwe muzima? Lévi wetu anakula, amezoea Butembo? Tangu ulimupeleka huko mwezi wa kumi na moja ju ya vita, sijasikia sauti yake. Simu unanikatia, ndiyo maana naandika. Barua analeta Donat, yule shofere wa gari ya Butembo.

Nilianza kutoka damu saa mbili ya asubuhi. Labo ya hospitali walipima damu, wakakuta homa ya ini B. Daktari alisema ini limechoka, damu yangu haigandi tena. Plakete, zile chembe zinazoziba kidonda, nilikuwa nazo 41.000, mutu muzima anaanzia 150.000. Walitaka mifuko mine ya damu, na desturi unaijua: ukoo ndio unaleta watu wa kutoa. Benny, mudogo wako, alifika mpaka mulango wa labo, akapokea simu, akarudi. Mifuko miwili ya kwanza ilipatikana saa tisa, kwa Uwingabire na Béata, wale wanauza nyanya karibu na duka langu. Nilingoja saa saba nzima. Nani alimupigia Benny simu?

Bibi yako, Mama Lévi


Butembo, tarehe 24 mwezi wa tatu

Masika,

Huku sisi wazima, Mungu asifiwe. Pole kwa kilio.

Ni mimi nilipiga. Nifiche nini? Damu ya baba yetu haiwezi kumwagwa ndani ya mwanamuke aliyeokota ugonjwa kwa wanaume wa soko. Wewe unajua sana kuhesabu: hesabu basi walikuwa wangapi. Mama ametenga sahani yako na kikombe chako, mashuka yako ameyachoma. Lévi anabaki huku. Usimutumie hata biskuti.

Baba Lévi


Goma, tarehe 2 mwezi wa ine

Baba Lévi,

Salamu kwa mama. Mumuambie ugonjwa huu haupiti kwa sahani, mashuka yangu alichoma bure. Mimi natembea kidogo, nikishika ukuta.

Benny alikuja Jumapili. Alikataa kukaa.

"Shemeji, usinipe chai, sistahili."

"Chai yenyewe haipo. Sema."

Akasema. Mwezi wa nane 2019, muzee wenu alipopasuliwa, ndugu watatu mulienda kutoa damu. Yako ilikataliwa. Walikuita ndani ya chumba kidogo, ukatoka na karatasi, ukaikunja ndani ya soksi. Nyumbani ukasema ni malaria. Ukiwa unaoga, Benny aliisoma: homa ya ini B. Alinyamaza miaka mitano na miezi saba, ju wewe ni mukubwa wake.

Mwezi ule nilikuwa na mimba ya Lévi, miezi miwili. Kliniki walinipima ukimwi na kaswende. Hii hawakunipima, na karatasi ilikuwa ndani ya soksi yako. Mutoto wa mama mwenye ugonjwa huu anatakiwa chanjo mbele ya kumaliza saa 24 tangu azaliwe. Lévi ana miaka mitano.

Ulijua? Na mutoto, mupeleke labo.

Mama Lévi


Butembo, tarehe 23 mwezi wa ine

Masika,

Sisi wazima. Benny anakunywa, kila mutu anajua. Lévi anapiga mupira tangu asubuhi mpaka giza. Mugonjwa gani huyo?

Sikiliza vizuri. Ninaoa Dorine, binti wa katekista. Ana mimba ya wiki 20. Lévi ameanza kumuita mama. Usiandike tena.

Baba ya Lévi, na ya huyu anayekuja


Goma, tarehe 28 mwezi wa ine

Baba Lévi,

Nakusalimia, wewe, na mama, na mutoto wangu. Dorine pia namusalimia, yeye hajanikosea.

Wiki 20. Nimehesabu: ulimupa mimba mwezi wa kumi na mbili, mimi nikiwa na miezi mitano, nikitafuta jina la binti. Hiyo nimeiacha. Kama ulijua, hiyo pia siulizi tena. Mutu asiyejua angekataa. Wewe ulinijibu pombe ya Benny.

Daktari amenieleza. Mwanamuke mwenye ugonjwa huu anaweza kuanza dawa wiki ya 28 ya mimba, na mutoto anachanjwa siku ileile anazaliwa. Barua hii ikikufikia, Dorine atakuwa amebakiza wiki saba kufika hiyo ya 28. Lévi yeye hana wiki ya kungoja.

Donat anafika Butembo Jumatano. Ana barua mbili. Moja ndiyo umeshika. Ya pili ni ya katekista, baba ya Dorine, na ndani kuna maneno ya Benny, ameyaandika kwa mukono wake na kusaini. Usimusumbue Donat, hatakuonyesha, anaishika mpaka umupe jibu.

Utawapeleka Lévi na Dorine labo, ndiyo ao hapana? Nataka neno moja, kwa maandishi, mukononi mwa Donat, Ijumaa tarehe 2, mbele ya saa sita ya mchana.

Mama Lévi