Wifi wa Tacoma

Kuigaq, 9 Februari

Mdogo wangu Wassilie,

Natumaini mvua ya huko haijakuotesha ukoga. Sisi tupo, tunapumua. Bega langu la kulia linalalamika kila nikinyanyua gunia la unga, viungo vingine bado vinanitii. Mto umeganda barabara. Juzi lori lilipita juu yake kutoka Bethel likaniletea vitunguu, nusu yake vimeshakuwa mawe, na dereva akataka nilipe vyote. Nililipa nusu. Akanuna, akaondoka.

Nimesikia mwanao Olinka amejifungua salama, ila simu ilikatika kabla sijauliza. Kwa hiyo andika. Wewe kwenye simu unasema "ndiyo" na "hapana" tu, kama mtu aliyeweka maji mdomoni.

Sasa nieleze jambo linaloninyima raha. Miaka kumi na tisa nimepitisha kadi za chakula za serikali kwenye mashine ya duka langu, za kijiji kizima, lakini sijawahi kuona kadi yetu inafanyaje ugenini. Je, mashine ya huko inaitambua ni ya Alaska? Inauliza chochote? Muuzaji anakutazama vipi? Maziwa bei gani?

Ulisema unakwenda mwezi mmoja kumshika mkono mwanao. Mwezi umeisha tangu Jumatatu. Sikukumbushi, nahesabu tu.

Dada yako,
Nastasia

*

Tacoma, 24 Februari

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Pole kwa bega, usinyanyue magunia, waambie wateja wajinyanyulie. Mimi mzima, nimeongezeka kiuno.

Mtoto ni wa kike. Nimempa jina la marehemu mke wangu, Panigkaq, kama inavyotupasa, maana ndiye aliyetutoka karibuni. Kwa hiyo hapa nyumbani mke wangu amerudi. Olinka anamwita mama, mimi namwita mke wangu, na wewe, Dada, huyu ni wifi yako. Ana nywele nyingi na hasira za haraka. Nilipomwimbia aligeuza uso ukutani, vilevile kama zamani.

Kuhusu kadi: inafanya kazi! Siku ya kwanza nilijiona kama mwizi. Nikaweka mkate, maziwa na mayai, nikapitisha, nikabonyeza namba yangu ya siri, basi. Msichana wa kwenye mashine hata hakuinua macho. Maziwa galoni moja dola nne, Dada. Nne!

Lakini kuna vituko. Hapo dukani kuna kuku wa kuchoma wanazunguka ndani ya kioo, harufu inakuvuta shati. Nikapeleka mmoja. Msichana akasema, "Babu, wa moto kadi haimtaki." Nikauliza, "Wa baridi?" Akasema, "Wa baridi yule pale kwenye friji, huyo sawa." Kuku yuleyule wa jana! Akipoa ni chakula, akiwa na moto ni anasa. Nani alikaa akayafikiria haya?

Halafu duka hilohilo lina upande wa uvuvi. Nikachukua ndoana pakiti mbili na uzi wa kushonea nyavu, nikaweka pamoja na viazi. Mashine ikalipa viazi, ndoana ikaziacha. Msichana akacheka: "Babu, unataka kula ndoana?" Nikamwambia, kwetu hulipiwa kwa kadi hiihii. Watu kwenye foleni wakatazamana. Mmoja akasema, "Mzee wa watu, mwacheni." Nikaondoka na viazi vyangu.

Mdogo wako,
Wassilie

*

Kuigaq, 12 Machi

Wassilie,

Nimeshukuru kusikia mko wazima. Huku baridi imepungua, mbwa wameanza kulala nje ya mabanda.

Barua yako niliisomea dukani. Mama Agnes jirani alicheka mpaka akaketi juu ya boksi la mayai, na mayai yaliyovunjika nimeyaandika kwenye deni lake. Kumbe umekaa miaka yote hiyo ukinunua ndoana kwangu, ukadhani Marekani nzima inafanya hivyo? Ndoana na nyavu ni kwa ajili yetu tuliotupwa mbali, ambao chakula chetu kinaogelea. Tena si kila kijiji, ni vile vilivyotajwa kwenye sheria. Huko chakula kimelala kwenye friji, cha kuvulia ni cha nini?

Sasa nisikilize, maana naona umeanza kuzoea. Msafiri anaruhusiwa kutumia kadi popote, majimbo yote. Aliyehama haruhusiwi kuendelea kula kwa jimbo alilotoka. Hiyo ndiyo sheria yote, haina ukubwa zaidi ya hapo. Msafiri au mhamaji. Nijibu kwa neno moja, kama kwenye simu.

Mtoto msalimie.

Dada yako,
Nastasia

*

Tacoma, 2 Aprili

Dada,

Tunaendelea vizuri, ashukuriwe Mungu. Kikohozi kilinipata wiki moja kikaniacha.

"Mtoto msalimie." Ni salamu gani hizo, Dada? Nilimsomea, akatoa povu. Nilidhani utamtumia wifi yako hata neno moja la matusi, kama mlivyozoeana.

Olinka amerudi kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mumewe bado yuko ng'ambo na jeshi, haijulikani lini atarudi. Kwa hiyo mchana tunabaki wawili, mimi na mke wangu. Namlisha chupa. Akishiba ananishika kidole hiki kilichokatwa ncha, kila mara hichohicho, anakigeuzageuza. Unakumbuka nani alikuwa akikishika? Sijamfundisha mimi.

Nina swali, la kujua tu, sisemi langu. Mtu akikaa miezi mingapi ndiyo amehama? Mitatu? Sita? Nimeuliza mtaani kila mmoja ana jibu lake. Kuna mzee anazunguka na gari lake la kulala ndani, amepita majimbo kumi na moja kwa kadi moja. Ananiambia, "Mimi nyumbani kwangu ni pale nilipoegesha." Wakimuuliza anwani anataja ya dada yake. Nikacheka, kisha nikakumbuka kwamba na yangu ni duka lako.

Mdogo wako,
Wassilie

*

Kuigaq, 29 Aprili

Wassilie,

Tupo. Barafu ya mto inapasuka, haipitiki tena kwa lori wala bado kwa mashua, kwa hiyo barua hii itasubiri ndege.

Hakuna hesabu ya miezi. Nimepiga simu ofisi ya kadi nikaulizia, nikangoja saa nzima nikisikiliza muziki wa kulevya. Wanauliza unaishi wapi, nawe ndiye unayejibu. Usipojibu, kadi inakujibia, maana kila duka ulilopita limeandikwa, na tangu Januari hakuna hata moja la Alaska.

Wiki iliyopita walinipigia mimi. Anwani yako ni duka langu, si umesema mwenyewe? Mwanamke mpole sana akauliza, "Ndugu yako yupo nyumbani?" Nikasema yuko safarini. "Atarudi lini?" Nikasema wakati wa samaki. Wassilie, duka hili nimelijenga kwa sabuni na mishumaa niliyouza mlango kwa mlango, hakuna aliyenipa hata ubao. Nikikutwa nimewadanganya, wananinyang'anya mashine ya kadi, na bila mashine hiyo duka ni ghala la panya. Niliyosema ni kweli? Sijui. Wewe ndiye unajua.

Ukitaka kuhama, hama kwa utaratibu. Unafunga huku, kisha unafungua huko. Huwezi kula majimbo mawili kwa mwezi mmoja. Kitakachopungua ni hiki: posho ya huko ni ndogo kuliko ya kijijini. Gawio la mafuta la kila mwaka, zile fedha Alaska huwagawia wakazi wake, hulipati. Na hili la mwisho lisome mara mbili. Ukishajiandikisha kuwa mtu wa Washington, jimbo la huko uliko, huwezi kutega wavu katika mto huu mpaka uwe umerudi na kukaa miezi kumi na miwili. Mto aliovua baba. Utasimama ukingoni na mikono mfukoni kama mtalii.

Na mimi bega langu ni moja tu zima. Nani atavuta wavu Juni?

Dada yako,
Nastasia

*

Tacoma, 8 Mei

Dada,

Nimesoma mara mbili. Nisamehe kwa ile simu waliyokupigia.

Mimi ni msafiri. Nakuja na ndege ya tarehe 22 kutoka Bethel. Olinka ameshapata mama wa kumlea mtoto mchana. Anza kushona matundu ya wavu, yatakayobaki nitakusaidia.

Wassilie

*

Kuigaq, 24 Mei

Wassilie,

Sisi wazima. Nauliza uzima wako kwa dhati safari hii, maana sijui kama ni ugonjwa au ni aibu.

Tarehe 22 nilifunga duka saa nane mchana, siku ya Ijumaa, watu wana fedha mkononi. Nikaenda uwanjani na pikipiki ya magurudumu manne. Ndege ikatua. Zikashuka boksi sita za vitunguu, jiko la Mama Agnes, na mwalimu mmoja mgeni aliyevaa viatu vya kutembelea lami. Nikamuuliza rubani, "Na ndugu yangu?" Akasema, "Mama, nilikuwa na kiti kimoja kitupu kutoka Bethel mpaka hapa." Nikapakia jiko la Mama Agnes, nisirudi mikono mitupu.

Simu yako haipokelewi. Olinka anasema "Baba ameenda matembezini" kwa sauti ya mtu anayetazamwa.

Barafu imeondoka. Samaki hawatamngoja mtu.

Nastasia

*

Tacoma, 3 Juni

Dada yangu,

Sina ugonjwa. Ni aibu.

Tulifika uwanja wa ndege. Begi lilikuwa limeshachukuliwa. Olinka alinipa mtoto nimuage, naye akashika kile kidole. Nilijaribu kukitoa pole pole, kimoja kimoja vile vidole vyake. Nikitoa hiki, anarudisha kile. Dada, mwezi Septemba, siku yake ya mwisho hospitalini Anchorage, alinishika hivyohivyo, na mimi nilikitoa nikaenda kunywa kahawa, niliporudi alikuwa ameshakwenda. Safari hii sikuweza. Begi langu limefika mpaka Bethel, mimi nilirudi nyumbani kwa basi.

Siku ya pili nilipiga simu Alaska nikafunga kadi. Kisha nikaenda ofisi ya huku, nikapanga foleni na mke wangu kifuani. Mama wa dirishani akauliza, "Unaishi wapi?" Nikamtazama mtoto. Akadhani sisikii vizuri, akapaza sauti, "Babu! Unaishi wapi?" Watu wote wakageuka. Nikasema, "Naishi na huyu." Akasema, "Hilo si jibu, nipe mtaa." Nikampa mtaa.

Nikatia sahihi. Nilipotoka nje nilijitazama mikono. Hakuna kilichobadilika, ila najua sasa ni mikono ya mtu wa Washington, haina ruhusa.

Wakikupigia tena, sema kweli. Wavu ni wako. Usinijibu kama hutaki.

Mdogo wako,
Wassilie

*

Kuigaq, 10 Julai

Kwa Panigkaq, Tacoma

Wifi yangu,

Hujambo? Meno yameota? Mumeo bado anaimba vibaya?

Barua hii ni yako. Yeye akusomee tu, asitie neno lake.

Mara ya kwanza ulipomchukua ndugu yangu nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mashua ilikuwa inavuja, na ulimchukua wiki ileile ya samaki. Nilikununia miaka mitatu. Sasa umemchukua tena, wiki ileile. Huna hata haya ya kubadilisha mwezi. Miezi mitano hii nimejizuia kukuita kwa jina lako, nikidhani nisipokuita hutakuwa wewe. Kumbe kile kidole ulikuwa umeshakishika.

Wavu nilitega mimi, siku zile serikali ilizoturuhusu kuvua. Mama Agnes alishika upande mmoja, yule mwalimu mgeni akashika wa pili. Alianguka majini mara mbili na viatu vyake vya lami, lakini hakuachia kamba. Bega langu liliapa halitafanya tena. Tumepata wa kutosha, si kama zamani. Nimewapasua, nimewaanika, nimewafukiza moshi siku kumi na mbili.

Ndani ya boksi hili mna fungu lako, lile ulilokuwa ukipewa kila mwaka, vipande vya tumboni vyenye mafuta. Sikupunguza hata kimoja. Vitafune kwa fizi, wala usimwachie Olinka akuchemshie. Mumeo naye ale, lakini ale kutoka mkononi mwako, maana yeye huku hana fungu mpaka arudi akae miezi kumi na miwili. Kwa samaki hawa hakuna dirisha la kuulizia wala namba ya kubonyeza, na kuku wa baridi waachieni wenyewe.

Yule mwanamke mpole alipiga tena. Nikamwambia ndugu yangu amehama, anaishi kwa mkewe. Akasema, "Oh, amepata mke?" Nikamwambia, wa zamani.

Kula, wifi. Ukishaweza kutembea, tutazungumza habari ya kunirudishia ndugu yangu.

Wifi yako,
Nastasia