Kofia ya Papa na Risasi ya Tatu

Maman wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Kanada, ambako asubuhi hii nimekuta maji yameganda ndani ya ndoo niliyoisahau mlangoni. Mwili wangu ni mzima. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda kile kilima cha Nkanka ukitoka kanisani, au umekubali fimbo? Najua hujakubali. Furaha aliongeza mstari mmoja chini ya barua yako kusema unamficha maumivu. Nilicheka, maana hapa duniani ni wewe peke yako unayedhani unaweza kumficha mdogo wangu jambo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema wakwe wataleta mahari ya Furaha maharage yakishavunwa, na kwamba baba mdogo Silas ndiye atakayeketi kwenye kiti cha marehemu Papa, apokee wageni na kusema kwa niaba ya nyumba. Unaniomba mimi, mtoto mkubwa uliyebaki naye, niandike kwamba nimekubali. Sikubali. Nimeona niseme mapema, usije ukasoma karatasi zote hizi ukingoja baraka. Sasa kaa mahali pa utulivu uzisome mwenyewe hadi mwisho. Usimpe mtu akusomee, na hasa usimpe yeye.

Nilikwambia nafanya kazi kwenye bucha. Sikukwambia ni bucha ya namna gani, kwa sababu nilikuwa naona haya. Kila mwaka majani yakianza kuanguka, watu wa huku wanaomba likizo kwenda msituni kuua mnyama anayefanana na swala wetu wa msitu, ila ni mkubwa zaidi na mkia wake ni mweupe kwa chini. Hawaui kwa njaa, Maman, nyumbani kwao friji zimejaa. Wanaua, wanapiga picha, halafu wanatuletea mzoga nyuma ya gari. Sisi tunachuna, tunakatakata, tunafunga nyama kwenye karatasi. Mimi niliyekuwa nakimbia ukichinja kuku, leo nashinda na damu hadi viwiko. Huko mtaani najua wananiita mwenye bahati.

Ukichuna wanyama wengi, unazijua risasi bila kushika bunduki. Kuna moja kubwa yenye mwendo mkali, vijana wanaipenda kwa kelele zake. Ikimpata mnyama begani kwa karibu, bega zima linakuwa damu nyeusi kama ini, na nyama hiyo tunaitupa. Kuna nyingine ya kizamani wanayoiita thelathini-thelathini, ya mwendo wa polepole, waliyorithi kwa babu zao. Inaingia, inafanya kazi yake, inatoka, na nyama inabaki kuwa nyama. Patroni wangu, mwenye bucha, mama mmoja mnene mwenye sauti ya jogoo, aliona kwamba nazitambua kwa jeraha tu. Siku hizi mteja akitaka kujua achague risasi gani kwa msimu ujao, yeye anapaza sauti, "Muulize Zawadi!" Nami namuuliza mteja: utampiga ukiwa umbali gani? Msitu wenu ni mnene au ni mashamba matupu? Unataka nyama au unataka pembe za kutundika ukutani? Wananisikiliza kwa heshima. Mmoja aliniuliza kama elimu hiyo niliipata vitani. Nikamjibu kwamba vitani nilijifunza kukimbia.

Mwezi uliopita akaja mzee mmoja mpole, anayejitengenezea risasi zake nyumbani. Bunduki yake ni kalibre 12, kama ile ya Papa, ya kutema vidonge vingi kwa mlio mmoja. Mnyama wake alikuwa na matundu tisa madogo ubavuni, yametawanyika upana wa sahani, na hakuna hata moja lililotokea upande wa pili. Maman, mikono yangu iliyatambua matundu yale kabla ya kichwa changu. Ndani ya jeraha nikatoa kitu kidogo cha duara, kinene, laini, kimelowa damu. Nikamuuliza yule mzee ni kitu gani.

"Ni kizibo," akasema. "Kinakaa kati ya baruti na vidonge vya risasi. Mimi navikata kwenye kofia kuukuu, sufu yake ni nzuri. Ukimpiga mnyama karibu sana, nacho kinamwingia."

Kwenye kofia kuukuu! Nilikaa juu ya ndoo pale pale. Patroni akadhani ni njaa, akaniletea supu.

Kofia ya Papa, ile ya sufu ya rangi ya majivu, unaiona kila siku, umeitundika kwenye msumari juu ya picha yake. Ulivyogombana naye kwa ajili ya kofia ile! Kule Kongo, kila alipojifungia chumbani na kile kibomba chake cha chuma kilichonolewa, alitoka ukingo wa kofia umezidi matundu, nawe ukamwambia mbele yetu, "Mwanaume gani huyu anakula kofia yake mwenyewe?" Mambo ya bunduki hayakuwa ya wanawake, hata mlango wa chumba kile hatukuugusa. Alikuwa anakata vizibo, Maman.

Sheria yake unaijua. Bunduki ilikuwa ya Papa, miguu na macho ya kuwinda vilikuwa vya Silas. Papa alimpa risasi tatu, hakuzidisha. Kila moja ilipaswa kurudi nzima, au lirudi ganda lake pamoja na mnyama, kwa sababu maganda yale ya shaba aliyajaza upya. Silas alimsihi mara nyingi amtafutie risasi za kidonge kimoja kikubwa. Papa alikataa kabisa. "Ile inaendaka mbali," alisema, "inaweza kuua muntu hata haumuone. Hizi zangu zinakufaka karibu." Alichagua risasi zile kwa kuogopa kuua mtu.

Sasa turudi siku ile. Nisamehe, mwana hawezi kumwambia mama yake hivi bila kumuumiza, na mimi ni mwana wako. Vita vilikuwa vimefika kwenye vilima vyetu, mbuzi wametawanyika, na kaka yangu Deo akaenda kuwatafuta kwenye vichaka vya juu, amevaa lile koti lake la mitumba, la rangi ya majivu. Silas naye alikuwa huko na bunduki. Akarudi amembeba Deo mgongoni, analia kwa sauti, "Ni Bahati! Ni Bahati na benzake! Balimupiga rafale!" Bahati wa jirani yetu alikuwa amejiunga na wapiganaji siku chache kabla, na watu walimwona kilimani na bunduki ya rafale, ile ya kumimina risasi mfululizo. Nani angeuliza zaidi? Wewe ulianguka, wakakupeleka nyumba nyingine. Wanaume walikuwa wanachimba kaburi. Nikabaki mimi kumwosha kaka yangu.

Silas alisimama mlangoni na kunihimiza, eti askari wako njiani. "Mufunike haraka! Basoda banakuya!" Nilihesabu matundu tisa, madogo, upana wa sahani. Sikujua lolote kuhusu risasi, nilimwamini mkubwa wangu. Ndani ya jeraha nikaona kipande cha duara, rangi ya majivu. Nikasema moyoni, hiki ni kipande cha koti lake. Nikakiosha, nikakiweka ndani ya Biblia yangu, kumbukumbu ya Deo. Nimekibeba kambini, nimekibeba kwenye ndege, nimesali nimekishika. Miaka yote hii nakibusu nikidhani nambusu kaka yangu, kumbe nabusu kizibo cha risasi iliyomuua.

Baada ya mazishi Papa alimwita mdogo wake Silas, nami nilikuwa nje ya dirisha naanua nguo.

"Ya tatu iko wapi?"

"Iliangukaka mu kijito, yaya, wakati nilikuwa nakimbia naye."

"Nzima?"

"Nzima."

Papa akazihesabu tena zile mbili, kama vile mbili zingeweza kuwa tatu. Hakumpa bunduki tena. Tulipovuka kuja Cyangugu akaitupa mtoni Rusizi, wewe ukadhani anaogopa wanajeshi wa mpakani. Sijui Papa alijua kiasi gani. Najua alikufa bila kusema, na kwa hilo nina hasira naye hadi leo. Nimeliandika, liwe limeandikwa.

Usidhani namchukia Silas kwa kufyatua. Koti la majivu ndani ya kichaka, hofu, milio kila upande, hata mwindaji mzuri angekosea. Angerudi akamwambia kaka yake, "Yaya, nimemuua mtoto wako, sikumuona," tungelia naye na leo ningemwita baba. Ninachomchukia ni kwamba alitua mzigo wake juu ya kichwa cha mtoto wa mwenzake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Silas imefika hadi kwenye kiti cha Papa.

Na Mama Bahati? Vita vya pili vilimmeza mwanawe, hana hata kaburi la kupalilia. Anavuka kutoka Bukavu na mawese yake kuuza soko la Kamembe, nawe umeniandikia kwa fahari kwamba uliwaambia wanawake wa sokoni wasimpe nafasi, na kwamba ulitema mate karibu na madumu yake. Yule ndiye aliyemnyonyesha Furaha miezi miwili ulipougua homa ya tumbo, mtoto mmoja titi hili, mwingine titi lile. Sasa Furaha anaolewa, mama aliyempa maziwa anafukuzwa kama mbwa, na Silas anakula samaki wa sambaza mezani kwako na kusema amina baada ya sala. Amekuona ukimlaani mwanamke yule mwaka hadi mwaka, na hakuwahi hata kukohoa.

Utaniambia wafu hawafufuki. Ni kweli. Lakini Mama Bahati yuko hai, na goti lako bado linaweza kukufikisha sokoni. Nenda, Maman. Sina maneno ya kukufundisha umwambie nini. Mimi mwenyewe nilimlaani kila nilipokishika kile kipande, kwa hiyo ukimwomba msamaha, niombee na mimi.

Anayekuletea barua hii ni yule dada wa kwaya anayerudi Kamembe kumzika baba yake, mpe chakula, ni msichana mzuri. Msalimie Furaha, mwambie mwenye haki ya kuketi kiti cha Papa siku yake ni mjomba, kaka yako wa Nyakabuye, hata kama ana kigugumizi. Msalimie bibi mzaa Papa, mwambie blanketi nzito inakuja. Msalimie pasta na mkewe. Msalimie sana Mama Bahati, umuite kwa jina hilo hilo la mwanawe.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyeupe iliyokunjwa. Ifungue polepole, kile kipande kilichomo kisianguke. Shusha kofia ya Papa msumarini, ujaribu kukitia kwenye matundu ya ukingo. Vyote alivikata kwa kibomba kimoja, kitaingia popote utakapojaribu.

Baba mdogo Silas usimpe salamu zangu. Siku ya mahari, kabla wageni hawajafika, weka kofia kwenye kiti cha Papa, kizibo kikiwa ndani ya tundu lake, umwambie Silas, karibu ukae. Akiweza kukaa, mwache akae.

Mimi mwanao,
Zawadi