Sekunde Mbili za Kioo

Jumatatu, 4 Machi
Filamu yetu ya kiwanda cha betri ilirushwa jana kwenye televisheni. Simu kutwa nzima — hongera, hongera! Wifi yangu naye kapiga, anacheka, eti sauti niliyomwekea inamfanya dume lenye mafua. Ndiye shahidi wetu. Anafanya kazi humohumo kiwandani, ndiye aliyesema jinsi vipimo vya damu vya wafanyakazi, vinavyoonyesha sumu, vinavyofichwa. Sauti nimeibadilisha, uso nimeufunika ukungu. Nilimwapia hatajulikana.

Jumanne, 5 Machi
Mungu wangu! Nimeitazama tena, kwa raha zangu tu. Dakika ya thelathini na moja wifi anageuka kuchukua maji, na kwenye kioo cha kabati nyuma yake — uso wake. Wote! Sekunde mbili. Wiki sita nimeukodolea macho uso, kioo sikukiona. Mhariri mzima!
Mwongozaji anasema nitulie, nani atatazama kabati? Ya mtandaoni tutairekebisha leo.

Alhamisi, 7 Machi
Sijamwambia. Mume wangu kauliza nina nini, mbona chai naimimina nje ya kikombe. Nimesema tumbo. Ni dada yake huyo! Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzake mmoja alilalamika kwa wakaguzi, akavamiwa njiani, mpaka leo hatembei. Nimeshika simu mara nne. Nimeiweka. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Saa nne na dakika tano asubuhi. Ujumbe wa wifi: meneja kawakusanya wote kantini, anawaonyesha filamu. Aliirekodi kwenye televisheni siku ileile iliporushwa. Ndiyo kwanza inaanza. Yeye kaketi mbele kabisa, simu kaificha mapajani. Anamalizia: "Usijali wifi, hawanijui ng'o!"
Ya televisheni. Si ile tuliyorekebisha.

Saa nne na robo. Sasa wanaona lango la kiwanda. Naijua filamu hii kwa dakika. Nimwambie atoke? Akiinuka peke yake, si ndiyo kajitaja? Na akikaa?

Saa nne na nusu. Nimeandika: toka. Nimefuta. Nimeandika: sema unaumwa. Nimefuta. Naogopa, naogopa, naogopa.

Saa nne na dakika thelathini na saba. Imepita! Labda walikuwa wanapiga miayo. Labda meneja alikuwa anajikuna. Naandika tena, safari hii natuma, wallahi —
Ujumbe wake umeniwahi.
"Wifi, mbona wanairudisha nyuma?"