Msabato wa Kitanda cha Chini

Dubai, Jumatatu 7 Aprili 2025
Asubuhi ya vumbi. Hata majengo ya ng'ambo ya barabara hayaonekani.

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Magoti yako yanaendeleaje? Mama ameacha kukohoa? Mimi ni mzima, ila nina hofu, ndiyo maana naandika ujumbe badala ya kupiga simu. Chumbani tuko wasichana sita na kila neno lina wasikilizaji.

Unamkumbuka Desire, Mganda wa Mbale anayelala kitanda cha chini ya changu? Tunalinda ghala moja huko Jebel Ali. Hali nyama ya nguruwe, na kila Jumamosi hubadilishana zamu, kwa hivyo tulimwita Msabato, naye akaitika. Jana aliniambia kwamba yeye ni Myahudi, tangu kwa babu yake, na kwamba kwao Mbale wako wengi. Aliniomba nisimwambie mtu.

Baba, niliusogeza mguu wangu mbali naye kabla sijafikiri. Nikakumbuka darasa lako la Komunyo ya Kwanza. Uliuliza, "Nani alimwua Yesu?" nasi tukapaza sauti, "Wayahudi!" Je, lile ndilo jibu? Siri hii ibaki kwako.

Mwanao,
Teresiah


Nyahururu, Jumatano 9 Aprili

Teresiah, mama yangu mdogo,

Milele na milele, amina. Magoti ni yale yale. Mama yako anakohoa lakini bado anagombana nami, kwa hivyo ni mzima.

Maswali hayo yaache. Huko si kwetu. Huyo msichana akipatwa na jambo, utatajwa naye. Kwa kukuwazia, nimemwandikia dada Allen, mkuu wa chumba chenu, yule Mkatoliki mwenzetu aliyenipigia ulipougua. Nimemwomba akutenge na huyo Myahudi, kwa upole. Usikasirike.

Babako


Dubai, Jumapili ya Matawi, 13 Aprili
Joto, upepo hakuna.

Baba,

Shikamoo. Leo sina nguvu ya kuulizia magoti.

Allen alisoma ujumbe wako kwa sauti tukiwa tunakula. "Kumbe Msabato wetu ndiye aliyempigilia Bwana misumari!"

Desire akasema, "Dada Allen, nimezaliwa Mbale mwaka wa tisini na nane. Misumari ningeitoa wapi?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, Baba, lakini na Allen, si na Desire.

Jana msalaba wa ukutani ulianguka. Gundi ilikuwa imelegea, na nilikuwa nautazama. Desire alikuwa jikoni. Allen ameandika malalamiko kwamba Desire aliutemea mate na kuuangusha. Hapa kutukana dini ya mtu ni kesi ya polisi. Anataka sahihi ya shahidi wa pili, yangu. "Si ni baba yako aliyetuonya? Yalla, haya, saini." Msimamizi wetu, Stephen, atachukua karatasi Ijumaa Kuu asubuhi. Nisiposaini, watauliza kwa nini namtetea.

Wewe ndiye uliyemtaja. Niambie nifanye nini.

Teresiah


Nyahururu, Jumatano 16 Aprili

Mwanangu,

Nimeandika na kufuta mara nyingi. Mwaka wa 1991, kwenye semina ya makatekista, Padre alitusomea tamko la Kanisa kwamba Wayahudi wote wa wakati ule wasilaumiwe kwa mateso ya Bwana, wala wa leo. Tamko lenyewe lilikuwa la zamani kuliko ndoa yangu. Nililinakili. Jumamosi nikarudi darasani nikauliza swali lile lile, mwaka baada ya mwaka hadi darasa lako, kwa sababu watoto walipenda kulijibu kwa kelele. Hakuna aliyenilazimisha.

Naogopa watakufanyia nini. Kwa hofu hiyo siwezi kukuambia usisaini, na kwa aibu siwezi kukuambia saini.

Babako


Dubai, Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Anga safi, joto limeanza mapema.

Baba,

Shikamoo. Mpe mama pole ya kikohozi.

Stephen alikuja tulipotoka zamu ya usiku. Allen akanipa kalamu. Niliandika jina langu kamili. Chini ya maneno yake niliandika: "Nilikuwepo. Msalaba ulianguka wenyewe. Desire alikuwa jikoni."

Stephen alisoma mara mbili. "Kwa hiyo mmoja wenu ni mwongo?"

"Huyu amerogwa, sir," Allen akasema.

Stephen alichukua vitambulisho vyetu vya kazi, vyote vitatu, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Hakusema anaipeleka wapi. "Khalas, yatosha. Nendeni mkalale. Jumapili nitaita mtu."

Desire aliniuliza nimeandika nini. Nilipomwambia, hakunishukuru. Aliuliza nani aliyemwambia baba yangu. Nikasema, "Ni mimi." Akageukia ukuta.

Nasikia kila lifti inayosimama kwenye ghorofa yetu.

Mwanao,
Teresiah

Naongeza baada ya kuamka: nilikaa macho nikingoja kuitwa hadi saa nane na dakika ishirini mchana, ndipo usingizi ukanichukua, viatu vikiwa bado miguuni.