Mwewe wa Raundi ya Mwisho

Stephania, uko? Nimejiaibisha mbele ya Waganda na Wanyarwanda wote.

Raundi ya mwisho ya msimu wa mashindano yetu ya vindege, yale ya kuhesabu dakika ambazo kandege kanaonekana angani. Kandege kangu ka mbao, kale kasiko na rimoti, kamepanda vizuri kakapotelea juani. Katusiime, mshika saa kutoka Uganda, akasema hakaoni tena, anasimamisha saa. Nikamwonyesha kinukta juu ya malisho. "Kale pale, bado kanazunguka." Akaniamini, saa ikaendelea.

Alikuwa mwewe. Na nilijua ni mwewe.

Sasa si tunaandika namba ya simu kwenye bawa ili kakipotea turudishiwe? Simu ikaita, na hii yangu inasikika kwa spika tu. Bibi mmoja wa kijiji cha Kiruruma: "Mwanangu, kandege kako kameangukia kahawa niliyoanika. Kitambo sasa. Nimekafunika kasilowe."

Kitambo sasa. Mimi bado nimenyoosha kidole juu.

Katusiime hakufoka. Alifuta dakika zangu, akaniuliza taratibu, "Na zile raundi za Machi ulizoshinda, nazo alikuwa mwewe?"

Za Machi zilikuwa halali, Stephania. Wewe ulikuwepo. Lakini nani ataniamini sasa?